MAMBO YA NYUMBANI: Kuzitunza Picha za Kamera Mpya



Mwezi huu twataka kusema habari ya chombo kilichoingia katika nyumba nyingi za Wakristo hapa Rujewa, nacho ni kamera ya dijitali. Mwalimu huinunua kwa fedha ya mpunga. Kwaya huchanga pamoja ikapata moja. Mwana aliye Dar es Salaam humletea baba yake. Siku ya kwanza furaha ni kubwa: watoto hupigwa picha, wageni hupigwa picha, hata kuku wa uani hawaachwi. Lakini baada ya miezi michache kamera hutoa neno kwamba kadi imejaa, na wenye nyumba hawajui la kufanya. Mmoja hufuta picha kwa haraka ili apate nafasi. Mwingine huitia kadi katika kopo la vifungo akanunua nyingine. Wa tatu humpa kijana wa jirani akamwambia, "Nitolee hizi," wala haulizi zimetolewa kwenda wapi.

Basi tumeona vema kuwaandikia kwa taratibu namna ya kuzitoa picha katika kamera, kuzipanga, na kuzihifadhi. Ambaye hana kamera bali hupiga kwa simu, naye asome, maana mengi ya haya yamfaa vile vile.

Kwa nini tujisumbue?

Huenda mtu akasema, "Picha ni mchezo, sisi tuna mashamba na shule za kushughulikia." Tumjibu kwa mfano. Fikiri nyumba ambayo mama aliimba katika kwaya miaka mingi. Siku ya Pasaka alipigwa picha amevaa joho, anacheka, watu wote wakaisifu picha ile. Mvua zilipoanza aliugua, akafa. Ndipo watu wa nyumba walipokumbuka kwamba yatakiwa picha ya kuwekwa mbele ya jeneza. Mmoja akasema iko katika simu ya shangazi. Mwingine akasema, la, iko katika kadi. Kadi ilipotafutwa ikaonekana imekwisha kufutwa ili ipigiwe harusi. Mwisho wakachukua ile picha ndogo ya kitambulisho, wakaikuza, hata uso wa mama ukawa kama ukungu. Mambo ya namna hii yatokea katika misiba mingi, nanyi mmeyaona. Si kwamba picha haikupigwa. Ilipigwa, tena ilikuwa nzuri, lakini haikutunzwa.

Tena liko jambo kubwa kuliko hilo. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walianza kazi Rungwe mwaka 1891, na wale wa Berlin walifika pande zizo hizo mwaka uo huo. Katika miaka iliyofuata baadhi yao walipiga picha za makanisa, za shule, za mashamba na za watu. Picha nyingi za Moravian zimehifadhiwa mpaka leo katika nyumba ya kumbukumbu ya Kanisa hilo huko Herrnhut, Ujerumani. Chuo Kikuu cha Southern California, kilichoko Los Angeles nchini Marekani, nacho kimekusanya picha za misioni nyingi, zikiwamo za Moravian na za Leipzig, na kuziweka katika intaneti ili kila mtu azitazame. Mtu akiwa Rujewa na simu yake mkononi aweza kuona nyuso za watu walioishi katika milima hii kabla babu yake hajazaliwa.

Lakini azitazamapo atahuzunika kwa jambo moja. Mara nyingi jina la mzungu limeandikwa, na jina la mahali limeandikwa. Bali mwalimu Mwafrika asimamaye kando yake, na mama aliyembeba mtoto, na wanafunzi walioketi chini, wameandikwa kwa neno moja tu, kwamba ni Wakristo, au ni watoto wa shule. Nao ndio babu zetu na bibi zetu. Uso waonekana, jina halipo, na waliolijua jina wamekwisha kufa. Kumbe ingetosha mtu mmoja kushika kalamu siku ile kwa muda wa dakika tano.

Kitabu cha Nehemia kina sura nzima, ile ya tatu, isiyo na kitu ila majina ya watu walioujenga ukuta wa Yerusalemu, kila mmoja na sehemu yake: makuhani, wafua dhahabu, wachuuzi, hata mtu mmoja na binti zake. Wengi wetu huiruka sura ile tusomapo, kwa kuwa majina ni magumu kutamka. Lakini tazama, mwandishi yule hakuona taabu kuyaandika, wala hakusema tu kwamba watu wengi walijenga. Basi wewe mwenye kamera leo, ndiwe utakayeulizwa na watu wa miaka 100 ijayo, "Hawa walikuwa nani?"

Namna kamera inavyoandika picha

Zamani kamera ilitiwa filamu. Filamu ilipelekwa kwa fundi akaisafisha gizani kwa dawa, akapata negativu, na katika negativu akatoa picha za karatasi. Mafundi wema walizitunza negativu zao. Huko Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua duka lake la picha, Capital Art Studio, mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza kazi ile baada yake. Ndiyo sababu sura za watu wa mji ule wa miaka mingi iliyopita zapatikana hata sasa. Negativu ikiwapo, picha ya karatasi ikiungua, nyingine yaweza kutolewa.

Katika kamera ya dijitali filamu haimo. Mwanga huingia katika lenzi, ukaangukia kibao kidogo chenye vijumba mamilioni, visivyoonekana kwa macho. Kila kijumba hupima mwanga uliokiangukia, na kipimo kile hugeuzwa kuwa tarakimu. Tarakimu hizo zote huandikwa katika kadi, nazo ndizo picha. Mwanzo wa kazi hii ulikuwa mdogo. Mwaka 1957 Mmarekani Russell Kirsch aliingiza katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga. Ilikuwa na nukta 176 upande huu na 176 upande huu. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, alitengeneza kamera ya kwanza ya namna hii. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na kuiandika katika kaseti kulichukua sekunde 23. Leo kamera ya kawaida yaweza kuandika nukta milioni 20 kabla hujapepesa jicho.

Yatupasa kujua jambo hili, maana ndilo msingi wa mengine yote: katika kamera ya dijitali hakuna negativu iliyobaki kwa fundi. Tarakimu zile zikifutwa, na nakala haipo, picha imekwisha.

Ukiifungua kadi kwa kompyuta utakuta folda iitwayo DCIM. Ndani yake mna folda nyingine zenye namba kuanzia 100, na ndani ya hizo zimo picha zenyewe. Kila picha ina jina la herufi nne na tarakimu nne, mathalan IMG_0001, kisha IMG_0002, hivyo hivyo mpaka 9999. Na baada ya hapo kamera huanza tena 0001. Kamera nyingine huanza tena 0001 kila kadi isafishwapo, ikiwa imewekwa hivyo. Hapo pana hatari. Mwalimu wa shule ana IMG_0001, mchungaji ana IMG_0001, na wewe mwenyewe waweza kuwa nazo mbili au tatu, nazo si picha moja. Ukizimimina zote katika folda moja, kompyuta itakuuliza kama waitaka mpya ichukue mahali pa ile ya kwanza. Ukijibu ndiyo bila kufikiri, picha ya ubatizo imeondoka, na picha ya mbuzi imekaa mahali pake. Iulizapo hivyo, jibu siyo. Ama iamuru kuzitunza zote mbili.

Kwanza, rekebisha saa ya kamera

Kabla hujapiga picha nyingine, fungua mahali pa matengenezo katika kamera, uweke mwaka, mwezi, siku na saa kwa usahihi. Kamera huandika wakati ndani ya kila picha, ingawa hauonekani usoni pake. Saa ikiwa na kosa, picha zote zitashuhudia uongo: Krismasi itaonekana kuwa mwezi wa Aprili. Betri ikikaa nje ya kamera siku nyingi, saa yaweza kurudi mwanzo. Kwa hiyo itazame tena kila utiapo betri.

Namna ya kuzihamisha picha

Fuata hatua hizi kwa kufuatana kwake, wala usiruke moja.

Hatua ya kwanza: zima kamera kabla ya kuitoa kadi. Kadi ikitolewa wakati kamera bado yaandika, faili zaweza kuharibika.

Hatua ya pili: itie kadi katika kisoma kadi, kisha kichomeke kisoma kadi katika kompyuta. Waweza pia kutumia waya wa kamera yenyewe, lakini hakikisha betri ina nguvu, maana ikizimika katikati ya kazi italeta taabu. Mkono usiwe na vumbi wala jasho. Nasi wa Usangu twajua vumbi la kiangazi lilivyo.

Hatua ya tatu: tengeneza katika kompyuta folda mpya kwa ajili ya picha hizo tu. Usizitupe juu ya picha za zamani.

Hatua ya nne: nakili, usikate. Kompyuta ina njia mbili za kuhamisha. Ya kwanza ni kunakili, yaani picha hubaki katika kadi, na nyingine kama hiyo huandikwa katika kompyuta. Ya pili ni kukata na kubandika, yaani picha huondolewa katika kadi. Chagua kunakili daima. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, hujapoteza kitu, maana za asili zimo katika kadi bado. Umeme ukikatika katikati ya kukata, waweza kukuta picha nyingine huku, nyingine kule, na nyingine hazimo popote.

Hatua ya tano: hesabu. Tazama idadi ya picha katika kadi na idadi ya picha katika folda mpya. Tazama na ukubwa wake. Zikiwa 312 huku na 311 kule, kazi haijaisha. Kisha fungua picha ya kwanza, na chache za katikati, na ya mwisho, uone kama zafunguka vema.

Hatua ya sita: fanya nakala ya pili katika chombo kingine, kama tutakavyoeleza mbele.

Hatua ya saba: ndipo uiamuru kompyuta kuiachilia kadi, uitoe, uirudishe katika kamera, na kuisafisha humo humo ndani ya kamera kwa lile neno la kufomati. Usiifomati kadi katika kompyuta, maana kamera hupenda kuitengeneza kadi kwa namna yake yenyewe. Wala usifomati kabla ya kuwa na nakala mbili. Shika neno hili kama sheria ya nyumba.

Asiye na kompyuta afanyeje? Wengi huenda katika duka la steshenari, au hutumia kompyuta ya shule. Hakuna ubaya, ila angalia mambo mawili. Kompyuta zinazotumiwa na watu wengi mara nyingi zina virusi, nao hupanda katika kadi na flashi kama papasi katika nguo. Kadi kubwa ya SD ina kifungo kidogo ubavuni. Kisukume upande wa kufunga kabla ya kuitia, na kompyuta haitaandika kitu ndani yake. Kumbuka kukifungua tena urudipo kwenye kamera. La pili, usiziache picha za nyumba yako katika kompyuta ya duka. Kazi ikiisha, zifute, ukatazame na katika pipa la taka la kompyuta, maana zilizofutwa hukaa humo kwanza.

Namna ya kuzipanga

Mwenye ghala hatupi mahindi, maharagwe na mbegu za mwakani katika fungu moja. Kadhalika na picha. Fanya folda moja kubwa iitwayo Picha. Ndani yake fanya folda ya kila mwaka: 2024, 2025, 2026. Ndani ya mwaka fanya folda ya kila jambo, ukianza na tarehe, kisha jambo, kisha mahali. Mathalan: 2025-06-08 Pentekoste Rujewa, au 2025-07-13 Mavuno Ubaruku.

Utauliza, kwa nini mwaka utangulie, nasi tumezoea kuanza na siku? Sababu yake ni kwamba kompyuta hupanga majina kwa kusoma tangu kushoto. Ukianza na siku, itaweka pamoja tarehe mosi za miezi yote, Januari na Agosti na Desemba, na mambo yatachanganyika. Ukianza na mwaka, kisha mwezi wa tarakimu mbili, kisha siku, folda zitajipanga zenyewe kama zilivyotokea.

Picha za hati, yaani cheti cha ubatizo, cheti cha shule, stakabadhi za shamba, ziwekwe katika folda yake, zisichanganywe na za harusi. Siku ya shida utafurahi kuzipata kwa haraka. Lakini picha ya hati haiondoi haja ya kuitunza hati yenyewe.

Kisha zichague. Katika picha 300 za sikukuu moja, pengine 40 ndizo zenye faida. Zile za giza, za mguu wa mpigaji, na zile saba zinazofanana, zifute; mwenye picha 10,000 asizoweza kuzitafuta ni kama hana hata moja. Ila usifute pale pale sikukuuni kwa kioo kidogo cha kamera, maana hapo mkono huteleza na jicho hudanganyika. Subiri ufike nyumbani, umekwisha kunakili, umetulia.

Andika majina

Sasa tumefika penye neno kuu la ukurasa huu. Nunua daftari moja la shule, uliite Daftari la Picha. Kwa kila folda andika tarehe, mahali, jambo lenyewe, na jina la mpigaji. Kwa kila picha njema andika namba yake, na majina ya watu tangu kushoto kwenda kulia, mstari wa mbele kwanza. Andika jina kamili. Usiandike "Mama Neema", maana wako Mama Neema wengi. Andika jina lake mwenyewe na la baba yake, na kijiji. Usiandike "mimi" wala "babu", maana wajukuu hawatajua ni nani aliyesema "mimi".

Kazi hii ifanywe jioni, nyumba nzima ikiwa pamoja, wazee wakiulizwa. Mtoto ashike kalamu, bibi ataje majina. Hapo utaona kwamba picha moja yaleta habari nyingi: huyu alikuwa mwinjilisti wa kwanza kule, huyu aliponya wengi wakati wa kipindupindu, huyu shamba lake lilikuwa pale penye mfereji. Mzee akiondoka na majina hayo kichwani, hayapatikani katika kompyuta yoyote ya dunia. Yaliyoandikwa daftarini yaweza baadaye kuandikwa pia katika kompyuta, katika faili ya maneno iwekwayo ndani ya folda ile ile.

Yafaa pia kupiga mahali pamoja kila mwaka, mwezi ule ule: jengo la kanisa, ukingo wa mto, mashamba ya mpunga, uwanja wa shule. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya bonde letu, ulianza kukauka nyakati za kiangazi kuanzia mwaka 1993 huko chini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watu hubishana sana habari ya maji, huyu akisema hivi na huyu hivi. Picha yenye tarehe ya kweli ni shahidi asiyepaza sauti.

Nakala tatu

Wanaoijua kazi hii hufundisha kanuni rahisi: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali na nyumba. Nakala ya kwanza iwe katika kompyuta. Ya pili iwe katika diski ya nje au flashi iliyo njema, iliyofungwa katika mfuko usioingia vumbi, mbali na jua na bati la moto. Ya tatu ikae kwa ndugu wa Mbeya au Iringa, au katika akiba ya intaneti kwa mwenye kuimudu. Moto ukichoma nyumba, au mwizi akichukua kompyuta na diski iliyo kando yake, nakala ya ndugu itabaki.

Wala usidhani diski hudumu kama jiwe. Diski huanguka, flashi hufa bila kuaga. Kila mwaka zifungue uone kama zasomeka, na baada ya miaka michache uzinakili katika chombo kipya.

Wengine husema, "Picha zangu nimezituma katika kundi la WhatsApp, basi ziko salama." Ndugu, siyo. Picha itumwayo kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa wake, na ile tarehe iliyoandikwa ndani hupotea. Yafaa kwa kuonyeshana salamu, haifai kuwa ghala.

Na ikitokea mtu amefuta kadi kwa bahati mbaya, asipige picha nyingine hata moja kwa kadi ile. Aitoe, aiweke kando, ampelekee fundi wa kompyuta. Mara nyingi kufuta hakuondoi tarakimu mara moja. Kwaziacha tu mahali pake paandikwe juu. Maadamu hapajaandikwa, fundi aweza kuziokoa nyingi. Kila picha mpya ni mlango mmoja uliofungwa.

Tena, katika kila mwaka chagueni picha 10 au 20, mkazitoe katika karatasi, mkaziweke katika albamu. Nyuma ya kila moja andikeni majina kwa penseli laini, bila kukandamiza. Karatasi haihitaji umeme wala neno la siri. Mgeni aketipo sebuleni hupewa albamu, naye akaijua nyumba.

Ruhusa na heshima

Neno la mwisho. Kamera katika mkono wa mtu asiye na adabu ni mwiba. Mwombe mtu ruhusa kabla ya kumpiga, na kabla ya kuitangaza picha yake. Usimpige mgonjwa kitandani, wala mfiwa anayelia, wala mtoto asiye na nguo, ukasema ni kwa ajili ya kumbukumbu. Walimu waangalie sana picha za watoto wa watu. Mzazi aulizwe kwanza. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Lakini kwa Mkristo amri ya kumpenda jirani ilikuwapo kabla ya hiyo. Jiulize, "Kama angekuwa mama yangu, ningependa aonekane hivi?" Jibu likiwa siyo, ishushe kamera.

Basi twawapa kazi ya mwezi huu, kila nyumba na kila shule. Tafuteni kadi zote zilizo ndani ya makopo, mabegi na makabati. Zihamisheni kwa hatua hizo saba. Fanyeni nakala. Kisha jioni moja, baada ya chakula na sala, mwiteni aliye mzee kuliko wote katika nyumba, mkamwonyeshe picha moja moja, na mtoto aandike majina. Msingoje mwezi ujao, maana picha zaweza kungoja, bali wazee hawangoji.

Mungu awabariki katika nyumba zenu, na azikumbuke nyuso zote tulizozisahau sisi.